Nyekundu au kijani? Namna ya kupika chile za New Mexico

Mara ya kwanza naingia mgahawani hapa Albuquerque, jimbo la New Mexico, Marekani, niliagiza enchilada za kuku, yaani vichapati vya mahindi na kuku, dada anayehudumia akaniuliza, "Nyekundu au kijani?" Mi nikajua ananiuliza soda. Nikamjibu kijani, nikakaa nasubiri chupa. Kilichokuja ni sahani iliyofunikwa yote na rojo la kijani, enchilada zenyewe huzioni, zimezama huko chini, nikaangaza pembeni kutafuta kile kisahani cha pilipili tulichozoea nisikione, ndo akili ikanijia kwamba pilipili ndo hiyo niliyomwagiwa, karibu kikombe kizima. Nikala. Jasho lilinitoka mpaka nyuma ya masikio lakini sahani niliimaliza, na wiki iliyofuata nikarudi mwenyewe bila kuvutwa.

Baadaye ndo nikaja kujua kwamba lile swali sio la yule dada peke yake. Jimbo la New Mexico limelipitisha kabisa kuwa swali rasmi la jimbo, yaani majimbo mengine yana ndege wao na ua lao, hawa wana ndege, wana ua na wana swali. Na tangu 1965 mboga rasmi za jimbo ni mbili, chile, yaani hiyo pilipili yao, na maharage ya pinto. Lisikie vizuri hilo neno: mboga. Hawajasema kiungo. Na hapo ndo wengi wetu tunapoharibu tukijaribu kupika hivi vyakula, tunaishika chile kama tunavyoishika pilipili ya kwetu, unakata kidogo, unaweka pembeni, anayetaka achovye. Chile ya huku unaila kama bamia au mchicha, kwa bakuli, kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa, kubabua, kumenya, kuloweka, kuchuja, ni habari ya ladha. Ukali utakuja wenyewe, wala usiuhangaikie.

Kutamka usipate shida, soma kama ilivyoandikwa, chi-le. Kiswahili na Kihispania hapo lao moja.

Kwanza uijue unayoipika

Kijani na nyekundu ni tunda lile lile la mche ule ule. Ikichumwa changa Agosti na Septemba ndo kijani, ikiachwa shambani mpaka ikaiva inakuwa nyekundu, inachumwa kuanzia Oktoba hivi na nyingi inakaushwa. Lakini ladha zake utadhani hazijawahi kuonana. Kijani ina ule ubichi wa majani, na ikishababuliwa inabeba moshi, inakuamsha. Nyekundu ni nzito, ina utamu wa mbali kama zabibu kavu, na harufu fulani ya udongo uliopata mvua ya kwanza.

Ni ndefu, sentimita 15 mpaka 20, ina nyama ya kutosha, na ukali wake wa kawaida ni mdogo kuliko pilipili mbuzi kwa mbali sana. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna mtaalamu wa kilimo anaitwa Fabián García, alizaliwa Mexico akakulia huku, alikuwa chuo cha kilimo kule Las Cruces ambacho leo ndo New Mexico State University, akakaa miaka mingi anachagua mbegu, mwishowe akatoa mbegu aliyoiita New Mexico No. 9. Alitaka matunda yanayolingana, yenye nyama, na ukali uliotulia ili hata asiyezoea aweze kula. Hizi ndefu za leo karibu zote zina damu ya ile. Mwaka 1975 chuoni hapo hapo Roy Nakayama akatoa NuMex Big Jim, hilo ni jitu, linaweza kufika sentimita 30, zuri sana kwa kujaza jibini ndani na kukaanga, ila lina tabia ya kinyonga, kwenye mche mmoja tunda hili laini kama hoho na hilo la pembeni yake linakutoa machozi. Mbegu nyingine, Sandia, yenyewe ni kali inayojulikana.

Halafu utasikia watu wanataja Hatch kana kwamba ni aina ya mbegu. Hatch ni kamji kadogo kwenye bonde la mto Rio Grande, kusini mwa jimbo. Kusema chile ya Hatch ni kama kusema mchele wa Kyela, umeambiwa umetoka wapi, hujaambiwa ni mbegu gani. Kaskazini, juu ya Santa Fe, kuna Chimayó, wao wana mbegu yao ya kale, vitunda vidogo vimejipindapinda, wanavianika juani, na unga wake mwekundu unauzwa ghali lakini ukiupata original utaelewa kwa nini.

Jambo moja la kisayansi halafu tuingie jikoni. Watu wanasema ukali uko kwenye mbegu. Hapana, uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, mbegu zinaonekana kali kwa sababu zinagusana nao. Ukitaka chile ipoe, kwangua utando wote. Ukitaka ichangamke, uache kidogo.

Kubabua za kijani

Mwisho wa Agosti ukipita kwenye maegesho ya maduka mji huu unaanza kusikia harufu kabla hujaona kitu. Kuna pipa la wavu wa chuma limelazwa, chini yake mipira ya gesi inapuliza moto kwa kelele, jamaa kavaa glavu za ngozi anamwaga humo gunia zima la chile, anazungusha, maganda yanapasuka pa pa pa yanakuwa meusi, yanapeperuka kama masizi ya kuni. Dakika chache tu anazimwaga kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga, anakupa ukiwa wa moto. Mimi mwaka wa kwanza niliuweka kwenye siti ya nyuma bila kitu chini, maji yakavuja, gari likanuka chile wiki tatu, na sikulalamika.

Nyumbani huna pipa, na huna haja nalo. Kama una jiko la mkaa ndo umepata kuliko wote. Osha chile, zifute zikauke, zitoboe kwa kisu tundu dogo karibu na kikonyo zisije zikapasuka usoni kwako, panga juu ya wavu kwenye mkaa ulioshika vizuri. Geuza kila zinapokuwa nyeusi upande mmoja. Usiogope weusi, unachotaka ni ganda lijitenge na nyama, liwe na malengelenge pande zote, lakini ndani nyama ibaki ya kijani na ngumu kidogo. Ukiona na nyama inageuka jivu umepitiliza. Kwenye jiko la gesi fanya moja moja au mbili mbili juu ya moto wenyewe ukiwa na koleo. Kwenye oveni washa moto wa juu mkali kabisa, trei iwe karibu na moto, dakika sita mpaka nane kila upande, ila hii haikupi moshi, inakupa tu ganda la kumenya.

Zikitoka motoni zitie bakulini moto moto, funika na sahani au mfuko, ziache zijipike kwa mvuke wake kama dakika 15 au 20. Baada ya hapo ganda linavuka lenyewe ukivuta kwa vidole. Na hapa sikiliza, USIZIOSHE kwenye maji. Najua mkono unawasha kufungulia bomba, vipande vyeusi vinaganda vidoleni vinaudhi, lakini ule moshi na ule utomvu ndo chakula chenyewe, ukiufulia kwenye sinki umebaki na mboga ya maji. Kuwa na kibakuli cha maji cha kuchovya vidole vyako, sio chile. Vipande viwili vitatu vyeusi vikibaki ni pambo.

Vaa glavu. Narudia, vaa glavu. Mi gunia langu la kwanza nilimenya mikono mitupu, nikajiona mwanaume, mkono hauumi wala nini, kumbe unakusanya taratibu. Saa nne usiku vidole vikaanza kuwaka kama nimeshika sufuria, nikaenda kunawa uso ili nilale, hapo ndo nikaongeza na macho. Nilimgongea jirani yangu, mama mtu mzima, familia yao iko bonde hili vizazi na vizazi, akafungua mlango akaniangalia akacheka mpaka akashika ukuta. "Maji hapana, mijo," akasema, mijo kwao ni kama sisi tunavyosema mwanangu. Akanipaka mafuta ya kula mikononi, akasugua, akaosha kwa sabuni ya vyombo, akarudia tena, halafu akanipa bakuli la maziwa baridi nitumbukize vidole. Macho alisema suuza na maji mengi na uvumilie. Nilivumilia.

Zilizobaki ziweke friza. Wengi huku wanazigandisha na maganda yake, kumi kumi kwenye mfuko, zikitolewa ganda linatoka rahisi zaidi na moshi haujapotea. Zinakaa mwaka mzima. Kitu ambacho usifanye ni kuzitia kwenye chupa na maji ukazichemsha juu juu ukafunga ukaweka kabatini, chile haina asidi ya kutosha, zinataka mtungi wa presha wa kuhifadhia vyakula na maelekezo yake kamili, bila hivyo unatengeneza sumu. Friza haina mambo mengi.

Mchuzi wa chile ya kijani na viazi

Hiki ndo chakula cha kwanza nakushauri upike kwa sababu ukishajua mchuzi wa nyama wa kwetu umeshajua nusu yake. Unataka nyama kilo moja, wenyewe wanatumia bega la nguruwe, kitimoto, asiyekula aweke ng'ombe au mbuzi, inakubali kabisa. Vitunguu maji viwili vikubwa, kitunguu saumu punje tano, viazi mviringo nusu kilo, na chile iliyobabuliwa ikamenywa ikakatwa, vikombe viwili vilivyojaa. Vikombe, sio vijiko. Kupata hivyo viwili unahitaji karibu kilo moja ya chile mbichi.

Kata nyama vipande vidogo, vya kuingia mdomoni bila kung'ata mara mbili. Kaanga kwa mafuta kidogo mpaka iwe kahawia kweli kweli na chini ya sufuria kuwe na ukoko, usijaze sufuria yote kwa mara moja ikaanza kutoa maji. Tia kitunguu, kikilegea tia saumu, kisha kijiko cha unga wa ngano kama unapenda mchuzi ushikane, koroga dakika moja, mwaga maji ya moto au supu lita moja na nusu, kwangua ule ukoko wote uingie mchuzini. Chumvi, oregano (majani makavu ya kiungo) ya kufinya. Sasa gawanya chile yako mara mbili. Nusu itie saa hii ipikike na nyama, hii inakuwa mwili wa mchuzi. Nusu ya pili iweke pembeni.

Acha ichemke polepole saa moja au zaidi mpaka nyama iwe laini, tia viazi, na vikikaribia kuiva ndo unatia ile nusu ya pili ya chile, dakika kumi tu, hii inakuja na harufu mbichi na moshi uliokuwa unapotea. Huo ujanja wa mara mbili alinifundisha yule yule mama, mwenyewe hajui kwa nini, anasema bibi yake alikuwa anafanya hivyo.

Nyanya? Wapishi watatu kati ya wanne watakwambia hapana na wa nne ataweka moja kimya kimya. Mi siweki. Nyanya inaleta utamu na uchachu unaoifunika chile na mwishowe una mchuzi wa kawaida wenye pilipili. Na ukiamka asubuhi ya pili utakuta umekuwa mtamu kuliko jana, ule na tortilla ya ngano, kile kichapati chembamba cha huku, au chapati, mi hata ugali nimeshaulia na hakuna polisi aliyekuja.

Rojo la nyekundu

Nyekundu inauzwa ya aina mbili, mizima iliyokaushwa na unga. Ile mizima ndo utaiona imefungwa mafungu marefu kama mkungu, inaninginizwa kwenye baraza za nyumba, wanaita ristra. Zamani ilikuwa ghala, unachomoa unazotaka, siku hizi nyingi ni mapambo na nyingine zimepakwa vanishi ya kung'arisha, kwa hiyo usije ukavunja ya mtu ukapika, nunua za kula dukani. Chagua zilizo nyekundu iliyokolea, zinazokunjika kidogo bila kuwa vumbi, na ukinusa zinanukia matunda. Zikinuka mavumbi ziache.

Chukua 20 hadi 25, toa vikonyo, zivunje, kung'uta mbegu, suuza haraka. Zipashe kwenye oveni ya vuguvugu au kikaangio kikavu dakika moja au mbili tu mpaka unusie harufu. Hapa ndo pa hatari. Chile nyekundu ikiungua imekuwa chungu, chungu ya shubiri, na hakuna sukari wala asali itakayoikomboa, mwaga uanze upya. Na ule moshi wake utawatoa nje wote nyumbani mkikohoa. Ukiona inaanza kubadili rangi kuwa kahawia umeshachelewa, ndo maana mi siku nikiwa na haraka naruka hii hatua kabisa na hakuna aliyewahi kunigundua.

Zifunike na maji ya moto, sio yanayochemka juu ya moto, nusu saa mpaka zilegee. Onja yale maji. Yakiwa matamu kidogo yatumie, yakiwa machungu mwaga weka maji mapya. Saga kwenye blenda na saumu punje nne, chumvi kijiko cha chai, oregano, na maji vikombe vitatu, iache blenda ifanye kazi dakika nzima au mbili. Chuja kwa chujio, sukuma na mwiko, vile vigandaganda vinavyobaki havisagiki hata ufanyeje na vinakwama kooni. Uvivu wa kuchuja unaonekana mezani, huwezi kuuficha.

Sasa kwenye sufuria kaanga unga wa ngano vijiko viwili vya kulia kwa mafuta vijiko viwili, moto mdogo, ukianza kuwa na rangi ya karanga na harufu yake, mimina rojo huku unakoroga. Liache lichemke taratibu dakika 15 mpaka 20. Litaanza likiwa na rangi ya tofali na ladha iliyotawanyika, kila mtu na lake, kisha utaona linaiva, mafuta yanatoka pembeni kama mchuzi wa nazi uliokaa sawa, na ladha inakuwa moja. Likiwa zito ongeza maji, liwe la kupakaa mgongo wa kijiko.

Ukiwa na unga, njia fupi ni hii, kaanga huo unga wa ngano vile vile, ondoa sufuria motoni, tia unga wa chile robo kikombe mpaka theluthi, koroga upesi kwa joto lililobaki, mimina maji vikombe viwili na nusu, rudisha motoni. Kuondoa motoni ndo siri yote, unga wa chile unaungua kwa sekunde. Soma pakiti pia, unataka unga wa chile tupu. Ule unga unaouzwa kwa ajili ya ule mchuzi wa nyama wa kina Texas unaoitwa chili umechanganywa na binzari nyembamba na vitu vingine, hicho ni chakula kingine na mtu wa huku ukimchanganyia atakuangalia vibaya.

Carne adovada

Hii ndo sababu ya kujifunza nyekundu. Nyama inalazwa kwenye chile usiku kucha, inapikwa humo humo mpaka inaachia. Kilo mbili za bega, asiyekula nguruwe mkono wa ng'ombe wenye mafuta kidogo unafaa sana, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Tengeneza rojo kama la juu ila chile ziwe 30, usiweke unga wa ngano, na maji yapungue yawe vikombe viwili hivi, liwe zito. Ongeza siki kijiko kimoja, saumu mbili tatu zaidi, na chumvi ifike kijiko cha kulia. Changanya na nyama kwenye bakuli la kioo au plastiki, funika, friji, saa 12 mpaka 24.

Kesho yake mimina yote kwenye chombo cha oveni, funika, nyuzi 160, saa tatu. Nusu saa ya mwisho funua ili juu kukauke kidogo na kingo ziive. Huna oveni, hamna tatizo, sufuria nzito kwenye mkaa mdogo na juu ya mfuniko palia makaa kama unapika keki au wali, ongeza maji kidogo na uangalie kila baada ya nusu saa isishike chini. Iko tayari pale ukiibonyeza na kijiko inafunguka bila kulazimishwa na rojo limeshikana na nyama, halichuruziki.

Wapo wanaotia binzari nyembamba. Mi nilitia mara moja nikamletea yule mama aonje, akatafuna, akanyamaza, akasema, "Nzuri. Umepika chakula cha kwenu." Sijatia tena.

Enchilada na vinginevyo

Ukishakuwa na rojo, enchilada ni kazi ya dakika kumi. Huku kaskazini hawaziviringishi, wanazipanga kama ghorofa. Kaanga tortilla ya mahindi kwenye mafuta sekunde chache ilegee, bora zile za mahindi ya bluu ukizipata, ichovye kwenye rojo la moto, laza sahani, nyunyiza jibini na kitunguu kibichi kilichokatwa kidogo kidogo, weka nyingine juu, mpaka tatu. Mwaga rojo juu na yai la kukaanga ambalo kiini hakijaganda. Kiini kikipasuka kikateremka kwenye chile nyekundu, basi, usiongee na mtu mpaka umalize.

Posole sitaieleza sana, ukishapika kande umeshaipika. Ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa ya chakula yakavuliwa ganda, yanapikwa na nyama muda mrefu mpaka yanachanua, rojo la nyekundu linawekwa mezani kila mtu ajimwagie. Chakula cha Krismasi na mwaka mpya. Na maharage ya pinto yape muda, Albuquerque iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu kwa hiyo maharage yanachukua masaa, aliyepikia Nairobi au Mbeya ananielewa, wa Dar akija huku atadhani kauziwa mawe.

Kando ya yote hayo kunaletwa sopaipilla. Ni andazi lisilo na sukari wala iliki, bana. Unga, baking powder, chumvi, mafuta kidogo, maji ya vuguvugu, linasukumwa jembamba, linakatwa mraba na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto sana likavimba kama puto, ndani tupu. Unang'oa kona unamimina asali. Sio kitindamlo, ni zimamoto. Chile ikikuzidi maji hayasaidii, ule ukali hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maziwa, mtindi, jibini, au hiyo sopaipilla na asali yake.

Ukiwa mbali na New Mexico

Ulaya na Marekani kwingine tafuta zinazoitwa Anaheim, ni ndugu wa hizi, mbegu yake ilitoka huku huku New Mexico ikapelekwa California. Maduka ya Wamexico yana guajillo kavu, sio yenyewe ila kwa rojo jekundu inakaribia.

Dar, Nairobi, Mombasa, Zanzibar, hapo ukubali kwamba unapika mjomba wake. Kwa kijani babua pilipili hoho za kijani sita kwenye mkaa, pamoja na pilipili ndefu za kijani zile kali mbili, menya zote, saga au katakata. Hoho ina maji mengi kwa hiyo irudishe sufuriani ikauke kidogo kabla ya kuitia mchuzini, na moshi wa mkaa utakusitiri sehemu kubwa. Kwa nyekundu nenda kwa Wahindi ulizia pilipili ya Kashmiri, nzima au unga, ina rangi kali na ukali mpole, Muscat na Dubai pia imejaa, kwa rojo tumia nusu ya kipimo kwanza uonje. Ila nakuomba kwa heshima zote, usichukue ule unga wa pilipili wa sokoni kwetu ukapima robo kikombe kwa sababu umesoma hapa robo kikombe. Hicho sio chakula, ni kesi.

Wageni wakija na hujui nani anakula ipi, pika zote mbili, mimina nyekundu upande huu na kijani upande ule, katikati zikutane. Huku hiyo wanaiita Krismasi, na mgahawani ukiulizwa lile swali unajibu hivyo hivyo, "Krismasi," unaletewa. Yule dada nilimjibu hivyo safari ya tatu, na soda nikaiagiza kwa jina lake.